Barabara ya Kwenda Alaska

Kila mwaka, theluji ianzapo kuyeyuka katika nchi za kaskazini mwa Amerika, maelfu ya watu hufunga safari ya kwenda Alaska kwa njia ya nchi kavu. Wengi wao husafiri kwa magari ya namna ya pekee, ambayo ni motokaa na nyumba kwa pamoja. Ndani yake mna vitanda, jiko, tangi la maji na meza ya kulia chakula. Wengine huvuta nyumba ndogo ya magurudumu nyuma ya motokaa zao, wakaenda nayo kama konokono aendavyo na nyumba yake. Kabla ya kuondoka huketi miezi mingi wakipanga: watalala wapi, watanunua petroli wapi, watachukua matairi mangapi ya akiba.

Mtu aonaye matayarisho hayo aweza kudhani kuwa jambo lote ni matembezi ya watu wenye nafasi. Lakini barabara hiyo haikujengwa kwa ajili ya matembezi. Ilijengwa kwa hofu ya vita, kwa haraka kubwa, na watu ambao wengi wao hawakupewa nafasi ya kujitayarisha hata kidogo. Yote ayajuayo msafiri wa leo kabla ya kutoka nyumbani kwake, wao waliyajua kwa kuumia. Basi na tuitazame historia ya barabara hiyo, tuone jinsi ujuzi huo ulivyopatikana, na ni nani walioulipia.

Alaska ni nchi iliyo katika pembe ya kaskazini-magharibi ya bara la Amerika. Eneo lake ni karibu mara tatu ya eneo la Kenya. Marekani iliinunua kutoka kwa Urusi mwaka 1867 kwa dola 7,200,000. Walakini haikupakana na sehemu nyingine yoyote ya Marekani, kwa kuwa kati yao ipo nchi ya Kanada. Kwa muda wa miaka mingi mtu aliyetaka kwenda Alaska alipanda meli. Wapo waliotoa shauri kwamba ijengwe barabara ya kupita Kanada, lakini shauri hilo halikutimizwa. Gharama ilionekana kubwa, na wakazi wa huko walikuwa wachache.

Vita ndivyo vilivyobadili mambo. Tarehe 7 Desemba 1941 ndege za Japani zilishambulia bandari ya Pearl Harbor katika visiwa vya Hawaii. Mara Marekani ikatambua kuwa meli zake za kwenda Alaska zingeweza kuzamishwa, na nchi ile ikabaki pweke mbele ya adui. Mwezi wa Februari 1942 Rais Franklin Roosevelt alitoa idhini ya kujenga barabara. Mwezi wa Machi serikali ya Kanada ilikubali, kwa sharti kwamba Marekani ingelipa gharama zote, na vita vikiisha sehemu iliyomo Kanada ingekuwa mali ya Kanada. Njia iliyochaguliwa ilifuata viwanja vya ndege vya Fort St. John, Fort Nelson, Watson Lake na Whitehorse, ili marubani wapate kuiona toka juu na viwanja vyenyewe vipate kuletewa vifaa. Mwezi wa Juni mwaka uleule Wajapani walivitwaa visiwa vya Attu na Kiska, ambavyo ni sehemu ya Alaska. Basi hofu ile haikuwa ya bure.

Kazi ilianza Dawson Creek, mji mdogo wa Kanada mahali ilipokoma reli. Askari zaidi ya 10,000 wa jeshi la wahandisi walipelekwa, wakagawanywa katika vikosi vikubwa saba. Mbele yao palikuwa na msitu usio na mwisho, mito ya maji ya barafu, na milima ambayo ramani zake hazikuwa kamili. Wakati wa baridi kipimo kilishuka hata kupita nyuzi 40 chini ya sifuri, na madereva hawakuthubutu kuzima injini za magari yao usiku, kwani zikizimwa hazikuwaka tena. Wakati wa joto walikuja mbu kwa makundi kama wingu. Tarehe 14 Mei 1942 askari 12 walikufa maji katika ziwa la Charlie Lake, chombo chao kilipozama.

Lakini adui aliyewashangaza kuliko wote alikuwa ardhi yenyewe. Katika sehemu nyingi za kaskazini, chini ya majani na mizizi, ardhi imeganda mwaka mzima, na ugumu wake ni kama wa mwamba. Majani yale huikinga na joto la jua, kama blanketi linavyomkinga mtu na baridi. Askari waliyakwangua kwa matingatinga, wakidhani kwamba chini yake watapata msingi imara. Kumbe walikuwa wameivua nchi blanketi lake! Jua likaipiga, barafu ya ndani ikayeyuka, na mahali palipokuwa pagumu pakageuka kuwa tope lililomeza malori. Kila walipochimba zaidi ndivyo tope lilivyozidi. Mwisho walijifunza kuyaacha majani mahali pake, wakakata miti, wakalaza magogo ubavu kwa ubavu, kisha wakamwaga udongo na changarawe juu yake. Somo hilo liliwagharimu majuma mengi ya kazi.

Hata hivyo nchi ile haikuwa tupu, ingawa wageni waliiita nyika. Wenyeji wake, watu wa mataifa ya asili kama vile Wakaska, Watlingit na Watutchone wa Kusini, walikuwa wameishi humo tangu zamani sana. Walijua bonde lipi hupitika na mto upi huvukika. Wapima njia waliwachukua baadhi yao wawe viongozi, na katika sehemu kadha barabara ilifuata mapito yao ya kale.

Katika vikosi vile saba, vitatu vilikuwa vya askari weusi, navyo ni kikosi cha 93, cha 95 na cha 97. Jumla yao ilikuwa karibu theluthi moja ya askari wote. Siku hizo jeshi la Marekani liliwatenga watu kwa rangi. Weusi walikaa peke yao, na maofisa wao walikuwa wazungu. Wakubwa wengi hawakuamini kwamba mtu mweusi aweza kustahimili baridi wala kuendesha mashine kubwa. Jenerali Simon Buckner, aliyeongoza majeshi ya Alaska, hakutaka waletwe kabisa. Kikosi cha 95 kilipofika, mashine zake nzito zilipewa kikosi cha wazungu, nacho kikaachiwa zaidi mashoka, misumeno na majembe.

Askari hao hawakujibu kwa maneno. Mwezi wa Julai 1942 walifika kwenye mto wa Sikanni Chief, wenye upana wa futi 300 hivi, ambao maji yake ni ya baridi kali na huenda kwa nguvu. Waliingia majini mpaka kifuani, wakafanya kazi mchana na usiku kwa mwanga wa taa za malori, wakamaliza daraja la magogo kwa muda usiotimia siku nne. Daraja hilo lilisimama, na magari yakapita.

Tarehe 25 Oktoba 1942, karibu na Beaver Creek, tingatinga mbili zilizokuwa zikifyeka msitu kutoka pande mbili zilikutana. Moja iliendeshwa na Koplo Refines Sims wa kikosi cha 97, mtu mweusi kutoka Philadelphia. Ya pili iliendeshwa na Alfred Jalufka, askari mzungu kutoka Texas. Walishuka wakapeana mikono, na picha yao ikaenea. Tarehe 20 Novemba barabara ilifunguliwa rasmi juu ya ziwa la Kluane. Zaidi ya maili 1,400 zilikuwa zimefunguliwa kwa muda wa miezi minane na siku chache. Miaka sita baadaye, tarehe 26 Julai 1948, Rais Harry Truman aliamuru kwamba watu wote jeshini watendewe sawa bila kujali rangi. Hatuwezi kusema kwamba barabara peke yake ilileta amri hiyo. Lakini waliosema kuwa mtu mweusi hawezi walikuwa wamekwisha kujibiwa.

Heshima yenyewe ilichelewa. Daraja la mto Gerstle katika Alaska lilipewa jina la ukumbusho wa askari weusi mwaka 1993, na bunge la Alaska lilipitisha sheria ya kuikumbuka kazi yao kila tarehe 25 Oktoba katika mwaka 2017, wakati ambapo wengi wao walikuwa wamekwisha kufa.

Wahenga wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa wenyeji wa kaskazini methali hii iligeuka. Wageni walifika na wenyeji wakaugua. Katika kijiji cha Teslin, kati ya mwaka 1942 na 1943, maradhi yalifuatana moja baada ya jingine, surua na kifaduro miongoni mwake, kwa kuwa miili ya watu wale haikuwa imepata kuyazoea, wengine wakafa. Tena wageni waliwinda ovyo. Serikali, ili kuwaokoa wanyama, iliweka hifadhi katika nchi ya Kluane mwaka 1943, ikawakataza hata wenyeji kuwinda mahali walipopata riziki yao tangu mababu. Ilipita miaka hamsini, mpaka mikataba ya miaka ya 1990, ndipo haki yao humo ilipokubaliwa tena. Basi barabara iliyowafikishia wengine usalama iliwatoa wao katika ardhi yao.

Vita vilipokwisha Kanada ilikabidhiwa sehemu yake, tarehe 1 Aprili 1946, na mwaka 1948 raia wote waliruhusiwa kupita. Hapo ndipo ilipoanza habari ya wasafiri wa matembezi. Wale wa kwanza walikuta changarawe, vumbi, tope na mawe yaliyorushwa na malori yakavunja vioo. Vituo vya petroli vilikuwa mbalimbali sana, na aliyeharibikiwa na gari aliweza kungoja siku nyingi apate kifaa. Mwaka 1949 kilitolewa kitabu kiitwacho The Milepost, kilichoeleza njia maili kwa maili: hapa pana petroli, hapa pana maji, hapa pana mteremko mkali. Kitabu hicho kimeendelea kutolewa kila mwaka, na kwa wasafiri wengi maandalizi huanza kwa kukifungua.

Leo barabara ina urefu wa kilomita 2,232 hivi, kutoka Dawson Creek hadi Delta Junction. Imefupika kwa sababu wahandisi wamenyosha kona zake nyingi, nayo imetiwa lami. Hata hivyo mwenye busara hujitayarisha. Huchagua miezi ya kati ya Mei na Septemba, kabla baridi haijagandisha maji katika mabomba ya gari lake. Hupima uzito wa mizigo, maana gari lililolemewa hupasua matairi. Hujaza petroli kabla tangi halijafika nusu. Huchukua hati ya kusafiria, kwani atavuka mpaka wa nchi mbili. Akikaribia Alaska hupunguza mwendo, kwa sababu pale ardhi iliyoganda ingali chini ya lami, na kila iyeyukapo barabara hupanda na kushuka kama mawimbi. Joto la dunia likizidi, ardhi hiyo huyeyuka zaidi. Tope lililowatesa askari wa mwaka 1942 halijashindwa, limefunikwa tu.

Katika mji wa Watson Lake wasafiri husimama kutazama maelfu kwa maelfu ya vibao vya majina ya miji, vilivyopigiliwa juu ya nguzo kama msitu. Cha kwanza kiliwekwa mwaka 1942 na askari mmoja aliyeitwa Carl Lindley, ambaye moyo wake ulikuwa ukikumbuka kwao, akaandika jina la mji wake na maili zilizomtenga nao. Wapitao sasa huongeza vibao vyao kwa furaha, na kilichoanza kwa huzuni ya kijana mmoja kimekuwa mchezo wa wageni.

Nasi wa Kenya tunazo barabara zenye habari kama hizi. Ile iteremkayo Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu ilijengwa na mateka wa Kiitalia wakati wa vita vilevile, nao waliacha kanisa dogo kando ya njia. Ile ya kutoka Isiolo kwenda Moyale ilikaa miaka mingi katika mawe na vumbi kabla ya kutiwa lami katika miaka ya 2010. Magari hupita huko kila siku, na abiria wengi husinzia.

Basi wewe usomaye, utakapopanga safari ya mbali, hesabu petroli na matairi, na chukua maji na blanketi. Halafu uliza pia njia hiyo ilifunguliwa na nani, na ni watu gani walioishi hapo kabla haijapita. Jibu lake halitapunguza mwendo wa gari lako. Bali litakufundisha kupita katika nchi ya watu kama mgeni mwenye adabu.