Kodi ya Majengo Tanzania: Kutoka Hesabu ya Vibanda hadi Mita za Umeme

Kodi ya nyumba katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ilitangazwa mwaka 1897, wakati wa Gavana Eduard von Liebert, na ikaanza kutozwa mwaka uliofuata. Kibanda cha shamba kilidaiwa rupia 3 kwa mwaka. Nyumba za mijini zilidaiwa zaidi. Mwanzoni mtu aliweza kulipa kwa mazao au kwa siku za kazi, lakini serikali ilitaka rupia, na rupia zilipatikana kwenye mashamba ya walowezi. Kodi hiyo ilikuwa njia ya kusaka vibarua sawa na ilivyokuwa njia ya kujaza hazina, na ni miongoni mwa kero zilizochochea vita vya Maji Maji mwaka 1905.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Maakida na majumbe walipita vijijini wakihesabu mapaa, bila kuuliza nyumba ina thamani gani wala mwenyewe ana uwezo gani. Watu nao walijifunza haraka: familia mbili au tatu zikabanana chini ya paa moja. Waingereza, waliotunga sheria yao ya kodi ya kibanda na ya kichwa mwaka 1922, walirithi mchezo huohuo. Mume mwenye wake wengi alidaiwa kwa kila nyumba ya mke, na mwanamume asiye na nyumba akadaiwa kichwa chake. Tangu hapo kodi ya nyumba ikaanza kugeuka kodi ya watu, kwa kuwa mtu hafichiki kirahisi kama kibanda.

Mjini mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Dar es Salaam iligawanywa kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kila eneo likawa na masharti yake ya ujenzi. Kariakoo, mwenye nyumba alilipia kiwanja kila mwaka, akajenga nyumba ya Kiswahili yenye ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili na ua nyuma. Chumba kimoja au viwili alikaa mwenyewe, vilivyobaki akapangisha. Nyumba ya namna hiyo ilikuwa kitega uchumi, na hapo swali la thamani lisingeweza kukwepwa tena, maana majengo mawili yenye ukubwa sawa yangeweza kuingiza mapato tofauti kabisa kwa sababu tu moja liko karibu na soko.

Baada ya uhuru, thamani ya jengo ilipimwa kwa kusudi jingine. Sheria ya Utwaaji Majengo ya mwaka 1971 iliipa serikali uwezo wa kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, nayo yakakabidhiwa kwa Msajili wa Majumba. Waliokuwa na jengo lenye umri wa miaka 10 au zaidi hawakupata fidia. Tathmini ya nyumba iliyomaanisha kunyang'anywa haikuwafundisha wenye majengo kumkaribisha mthamini mlangoni.

Muda si mrefu halmashauri zenyewe zikavunjwa katika mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972. Zile za miji zilirudishwa mwaka 1978, baada ya taka na mitaro kuthibitisha kwamba mji hauwezi kuendeshwa kutoka ofisi ya mkoa. Sheria ya mwaka 1983 ikazipa mamlaka za miji haki ya kutoza kodi ya majengo. Ilitoza jengo peke yake, kwa sababu ardhi ni mali ya umma na ina pango lake. Mthamini alitakiwa kutafuta bei ya soko. Ilipokosekana, alikadiria gharama za kujenga upya kisha akapunguza uchakavu. Matokeo yaliingizwa kwenye daftari la uthamini, na mwenye nyumba asiyeridhika aliruhusiwa kupinga.

Kwenye karatasi huo ndio ulikuwa utaratibu wa haki kuliko yote yaliyotangulia. Ulishindwa na miji yenyewe. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ilikuwa imejengwa bila kupimwa. Nyumba hazikuwa na namba wala hati, na wathamini walikuwa wachache. Daftari lilipokamilika, vyumba vipya vilikuwa vimeshaongezwa uani. Kwa hiyo majengo mengi yakaishia kutozwa kiwango cha mkupuo.

Ukusanyaji nao ulihamahama. Mwaka 2008 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilipewa kazi hiyo Dar es Salaam, mwaka 2014 ikarudi kwa manispaa, na mwaka 2016 ikachukuliwa tena na TRA. Kiwango cha mkupuo kikatangazwa: shilingi 10,000 kwa nyumba ya kawaida isiyothaminiwa, na 50,000 kwa ghorofa. Mwaka 2021 kodi ikahamishiwa kwenye mita za LUKU: shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa, zikikatwa mtu anaponunua umeme. Mwaka 2023 viwango vilipanda hadi 1,500 na 7,500. Banda la Mbagala na jumba la Masaki, yote yasipokuwa ya ghorofa, yakawa sawa mbele ya kodi.

Mita haina habari na mwenye nyumba. Humkata anayenunua umeme, ambaye mara nyingi ni mpangaji. Serikali ilisema mpangaji adai fedha yake kwa mwenye nyumba, jambo gumu kwa mtu anayeogopa kupewa notisi. Nyumba yenye mita kadhaa ilidaiwa mara kadhaa hadi mwenyewe alipokwenda kutoa taarifa. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na kipato wanasamehewa nyumba wanayoishi, lakini mita haijui umri wa mtu. Msamaha huo hupatikana kwa kuuomba.