Kukesha kwa Ajili ya Walalao

Usiku mmoja wa mwezi wa Juni, mwaka 1900, behewa la reli lilisimama katika kituo cha Kima, ambacho leo kimo katika Kaunti ya Makueni, si mbali na mji mdogo wa Salama. Ndani yake walikuwamo wanaume watatu: Ryall, aliyekuwa mkuu wa polisi wa reli, na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Walikuja kumvizia simba aliyekuwa akiwala watu kituoni hapo. Wakapatana kukesha kwa zamu, na zamu ya kwanza akaishika Ryall mwenyewe. Yadhaniwa kwamba usingizi ulimshinda. Simba aliingia behewani, akamwua Ryall, akatoka naye dirishani. Behewa lile limehifadhiwa katika makumbusho ya reli huko Nairobi, na mwanafunzi apitaye mji ule aweza kulitazama.

Wako wamlaumuo Ryall. Mimi simlaumu. Alikuwa na bunduki mkononi, na alikuwa na sababu kubwa kuliko zote ya kutolala, na bado alilala. Usingizi hauna adabu ya kubisha hodi.

Kwa maelfu ya miaka binadamu aliujua usingizi kwa nje tu. Alimwona mwenziwe amelala, akasikia pumzi zake au ngurumo za kukoroma kwake, akaondoka. Ilidhaniwa kwamba kulala ni kama kuzima taa. Habari ya makala hii ni ya watu waliokataa kuondoka: waliokaa kando ya kitanda hadi alfajiri na kuandika yaliyotokea, na jinsi kukaa huko kulivyogeuka kuwa kazi yenye jina, mtihani na chuo.

Mwanzo wake ulikuwa Jena, katika nchi ya Ujerumani. Mwaka 1924 daktari aliyeitwa Hans Berger alifaulu kunasa umeme dogo sana utokao katika ubongo wa mtu, akauandika katika karatasi kama mistari ya mawimbi. Aliutangaza ugunduzi wake mwaka 1929, na wengi hawakumsadiki upesi. Mwaka 1937, huko Tuxedo Park karibu na New York, tajiri mmoja mpenda sayansi, Alfred Loomis, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba mawimbi hayo hubadilika kwa hatua kadiri mtu anavyozama usingizini. Taa haikuzimwa, ilikuwa ikibadili rangi.

Kisha ikaja zamu ya mwanafunzi. Katika Chuo Kikuu cha Chicago alikuwako mwalimu Nathaniel Kleitman, ambaye mwaka 1938 alikaa zaidi ya mwezi mmoja ndani ya pango huko Kentucky, mbali na jua, ili aone kama mwili waweza kuishi kwa siku ya saa 28. Mwalimu huyo alipata mwanafunzi aliyeitwa Eugene Aserinsky. Kazi ya kwanza aliyopewa ilikuwa ya kuchosha kupita kiasi: kuwatazama watoto wachanga waliolala na kuhesabu jinsi kope zao zinavyocheza. Baadaye Aserinsky alichukua mashine kuukuu, akamfunga mwanawe mwenyewe, Armond, mtoto wa miaka 8, nyaya kichwani na kando ya macho, akakaa chumba cha pili kuangalia kalamu za mashine. Mara kalamu zikaruka. Akadhani mtoto ameamka. Akaenda kutazama, akamkuta amelala fofofo, ila macho yakizunguka chini ya kope. Mwaka 1953 yeye na Kleitman waliutangazia ulimwengu kwamba kuna usingizi ambao ndani yake macho hukimbia, na kwamba watu wazima wakiamshwa wakati huo, mara nyingi husimulia ndoto.

Ningependa msomaji akumbuke zaidi ile karatasi kuliko zile ndoto. Mashine za wakati ule, zikienda kwa mwendo wa milimita 10 kwa sekunde, zilitumia mita 288 za karatasi kwa usingizi wa saa 8. Karatasi hiyo ilikunjwa kurasa za sekunde 30, nazo ni kurasa 960 kwa usiku mmoja. Nani atazisoma? Profesa hakuwa na nafasi. Ndipo walipohitajika watu wa kufunga nyaya jioni, kukesha na mashine, na kusoma kurasa zile moja moja, wakiandika juu ya kila ukurasa ni usingizi wa hatua gani. Watu hao walijifunza kwa kukaa kando ya mtu aijuaye kazi, kama mwanagenzi wa mhunzi. Kila maabara ilisoma kwa namna yake, hata mwaka 1968 Allan Rechtschaffen na Anthony Kales walipotoa kitabu cha kanuni ili usingizi uliopimwa mahali pamoja uweze kulinganishwa na ule uliopimwa pengine.

Hata hapo ilikuwa elimu ya wachunguzi tu. Iliyoipeleka hospitalini ni maradhi. Mwaka 1965 madaktari wa Marseille, Ufaransa, na wengine wa Freiburg, Ujerumani, kila kundi peke yake, waligundua kwamba wako watu ambao koo lao huziba wanapolala. Pumzi hukatika kwa sekunde 10, 20, au zaidi; ubongo huzinduka kwa kitambo kidogo, hewa ikapita kwa mkoromo mkubwa, kisha koo likaziba tena. Kwa mgonjwa aliyezidiwa, jambo hilo hutokea mara 30 au zaidi kila saa. Asubuhi hakumbuki lolote. Aamini kwamba amelala usiku kucha, naye hajalala. Mchana husinzia akiwa kazini, barazani, au mbele ya usukani.

Na hapa twarudi Salama. Mji huu uko kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 480. Malori yabebayo mizigo ya bandarini hupita hapo usiku na mchana, mengine yakielekea Uganda, Rwanda na Kongo, na madereva wake husimama kunywa chai. Jina la mji ni zuri kuliko tabia ya barabara yake. Lori likianguka kwa dereva kusinzia, neno la kwanza litamkwalo ni uzembe. Mwisho wa mwaka 2017, baada ya ajali kubwa ya Migaa, serikali ilipiga marufuku safari za usiku za mabasi kwa muda. Amri ya namna hiyo huutazama usingizi kwa saa ya ukutani. Haiwezi kumtenga dereva aliyechoka, ambaye dawa yake ni kulala, na dereva mgonjwa, ambaye hata akilala saa 10 ataamka amechoka vile vile. Wa pili akifukuzwa kazi, ameadhibiwa kwa ugonjwa asioujua.

Ugonjwa huo una tiba. Mwaka 1981 Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alieleza jinsi hewa inayosukumwa puani kwa nguvu ya kiasi huliweka koo wazi usiku kucha. Lakini kiasi hicho si kimoja kwa watu wote. Hapana budi mtu akeshe, aongeze hewa kidogo kidogo wakati mgonjwa amelala, mpaka pumzi zitulie, na asimwamshe. Hivyo fundi wa vipimo vya usingizi akawa mshiriki wa tiba. Mwaka 1978 mafundi wa Marekani walikuwa wamekwisha unda chama chao, na baadaye vyuo vya jamii vya nchi ile vikaanza kuwafundisha vijana kazi hiyo kwa mwaka mmoja au miwili.

Mwanafunzi huanza na utepe wa kupimia. Hupima kichwa kutoka shina la pua hadi kifundo cha kisogoni, kisha hutia alama kwa mafungu ya asilimia 10 na 20 ya urefu huo, kwa utaratibu ulioandikwa na Herbert Jasper mwaka 1958. Husugua ngozi na kubandika elektrodi kichwani, kando ya macho, kidevuni, kifuani na miguuni. Hufundishwa moyo na mapafu, na hufundishwa jambo gumu kuliko hayo: kuzungumza na mgeni aliyevaa nguo za kulalia, mwenye haya na hofu, hata akubali kulala akitazamwa. Karatasi zimetoweka, kompyuta zimeshika mahali pake, walakini kurasa za sekunde 30 zimebaki, na jicho la binadamu bado huzipitia.

Katika Kenya vipimo hivi hupatikana katika hospitali chache, zaidi Nairobi. Nchi si ngeni kwa kufundisha wasaidizi wa madaktari: Chuo cha Mafunzo ya Udaktari kilianza mwaka 1927, na leo kina matawi hata Machakos, Kitui, Makindu na Wote. Kijana wa Salama aweza kwenda huko akarudi muuguzi au mpima damu. Kwa desturi fundi wa usingizi huwaangalia wagonjwa wawili kwa usiku. Akifanya kazi usiku 4 katika juma, atakuwa amewapima watu 8. Na wanaosimama Salama kunywa chai, kwa usiku mmoja tu, ni wengi kuliko hao.