Walipozima Taa Pamoja: Historia Fupi ya Kubana Matumizi ya Nishati



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi wetu, tunapozungumzia kubana matumizi ya umeme, wengi wetu tunadhani ni jambo la mtu na bili yake. Tukirejea katika historia tunaona vingine. Mara nyingi watu walifanikiwa pale walipoitwa kulifanya jambo hilo pamoja: siku moja, saa moja au msimu mmoja. Leo, inshaallah, tutatazama mifano minne, na katika kila mmoja tuulize swali moja: baada ya siku ile kupita, kilibaki nini?

JUMAPILI BILA MAGARI, 1973

Tarehe 6 Oktoba 1973, sawa na mwezi 10 Ramadhani 1393 Hijria, Misri na Syria zilianza vita na Israel ili kurejesha ardhi zilizotekwa mwaka 1967. Tarehe 17 Oktoba nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilikubaliana kupunguza uzalishaji. Siku chache baadaye mauzo kwa Marekani na Uholanzi yakasimamishwa. Bei ya pipa moja, iliyokuwa dola 3 hivi, ilikaribia dola 12 mwanzoni mwa mwaka 1974.

Serikali ya Uholanzi haikungoja visima vya petroli vikauke. Jumapili ya tarehe 4 Novemba 1973 ilipiga marufuku magari ya binafsi barabarani, isipokuwa kwa wenye dharura kama vile madaktari. Tarehe 25 Novemba Ujerumani Magharibi, Uswisi na Denmark nazo zikafuata. Badala ya kununa, watu waliigeuza kuwa kama sikukuu. Familia zilitembea kwa miguu katika barabara kuu, watoto wakaendesha baiskeli mahali ambapo jana yake pasingepitika, na wengine wakatoka na farasi.

Kilibaki nini? Jumapili hizo zilikwisha upesi, na Uholanzi ya mwisho ilikuwa tarehe 6 Januari 1974. Kwa kuwa Jumapili si siku ya kazi, mafuta yaliyookolewa hayakuwa mengi. Lakini fikra zilibadilika. Denmark, ambayo wakati ule ilipata zaidi ya asilimia 90 ya nishati yake kutokana na mafuta kutoka nje, ilianza kuziba nyumba zisipitishe baridi, kupeleka joto la mitambo ya umeme majumbani kwa mabomba, na kujenga mitambo ya upepo. Njia za baiskeli zilipewa uzito mpya huko na Uholanzi. Siku chache zilifungua mlango, na kazi ya miaka mingi ikafuata.

SAA MOJA YA GIZA, SYDNEY 2007

Tarehe 31 Machi 2007, kuanzia saa 1:30 hadi saa 2:30 usiku, wakazi wa Sydney nchini Australia waliombwa kuzima taa kwa saa moja. Waandalizi, tawi la Australia la shirika la mazingira la WWF pamoja na kampuni ya magazeti, waliiita Saa ya Dunia. Walikadiria kuwa watu milioni 2.2 walishiriki, na biashara zaidi ya 2,000. Matumizi ya umeme katikati ya jiji yalipungua kwa asilimia 10 hivi kwa saa ile. Mwaka 2008 jambo hilo likavuka mipaka na kuingia nchi nyingine nyingi, na hufanyika kila mwaka hadi leo.

Wako waliolipinga, na hoja yao si ya kudharau. Saa moja kwa mwaka itaokoa nini, ikiwa saa nyingine zote taa zinawaka bila mtu chumbani? Waandalizi wenyewe hujibu kwamba saa ile ni ishara tu. Na hiyo ndiyo hatari yake. Mtu anaweza kushika ishara akaacha jambo lenyewe, kisha akalala akiridhika kwamba ametimiza wajibu.

OFISI ZA JAPANI, 2005 NA 2011

Wajapani walianza na mavazi. Mwaka 2005 Wizara ya Mazingira ilianzisha kampeni ya Cool Biz. Maofisi yaliombwa yasishushe viyoyozi chini ya nyuzi 28 wakati wa kiangazi, na wafanyakazi wakaruhusiwa kuvua koti na tai. Waziri Mkuu Koizumi mwenyewe alionekana hadharani bila tai, na mkubwa akitangulia, mdogo haoni haya kumfuata.

Kisha ukaja mtihani wa kweli. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko kubwa na tsunami viliharibu kituo cha umeme wa nyuklia cha Fukushima, na vituo vingine vikasimama. Kwa kiangazi cha mwaka ule, serikali ilitaka matumizi ya saa zenye mahitaji makubwa yapunguzwe kwa asilimia 15 katika maeneo ya Tokyo na kaskazini mashariki. Watumiaji wakubwa walibanwa na sheria, nyumba zikaombwa kwa hiari. Viwanda vya magari vilihamisha mapumziko yao hadi Alhamisi na Ijumaa, vikafanya kazi Jumamosi na Jumapili, ili mzigo usiangukie siku zile zile. Lengo lilifikiwa na hata kupitwa.

Kwa nini walifaulu? Lengo lilikuwa na tarakimu, kila mtu aliona hali ya umeme ikitangazwa kila siku, na wakubwa hawakuachwa wakatumia huku wadogo wakikaa gizani.

BALBU ZA UGANDA, 2007

Karibu na kwetu pia kuna la kusimulia. Mwaka 2005 na 2006 maji ya Ziwa Victoria yalishuka, umeme wa Mto Nile ukapungua, na Uganda ikaingia katika mgawo mkali. Mwaka 2007 serikali iligawa bure takriban balbu 800,000 za kubana umeme ili zichukue nafasi ya zile za zamani. Mahitaji ya jioni yalipungua kwa megawati 30 hivi. Hakuna aliyeambiwa akae gizani: mwanga ulibaki ule ule, upotevu ndio uliopungua.

SISI TUFANYE NINI?

Somo la mifano hii ni kwamba tukio huwaamsha watu, lakini kinachookoa ni kipimo na mazoea. Tukio lisiloacha mazoea ni sherehe tu.

Tupige hesabu ndogo. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku hula uniti 9 kwa mwezi. Balbu ya LED ya wati 9 yenye mwanga wa karibu sawa hula uniti 1 na robo na kidogo tu. Pasi ya wati 1,000 hula uniti nzima kwa saa moja, kwa hiyo anayepiga pasi nguo za wiki kwa mara moja anapunguza gharama kuliko anayeiwasha na kuisubiri ipate moto kila asubuhi.

Basi madrasa, msikiti au mtaa unaweza kuandaa mwezi wake. Wiki ya kwanza kila familia iandike uniti ilizotumia bila kubadilisha kitu. Wiki ya pili watoto wapewe kazi ya kukagua taa, feni na chaja zilizoachwa bila mtumiaji. Mwisho wa mwezi wakutane, walinganishe tarakimu na kusikia nani alifanya nini. Msikiti nao uandike wake, maana mara ngapi feni huzunguka hadi usiku wa manane baada ya Swala ya Isha, ndani hamna mtu?

Sote tunajua kuwa dini yetu imekataza israfu, na jambo hilo halibadiliki kwa sababu bili inalipwa na mwajiri au kwa michango ya waumini. Haba na haba hujaza kibaba, na uniti zinazopotea nazo hujaza kibaba chao.

Wabillahi tawfiq.