Ukubwa, Ukuu na Kigogo: Maneno ya Kukuzia katika Viunga vya Dar es Salaam

Jumamosi, tarehe 15 Septemba 2007, katika viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dkt. Willibrod Slaa, wakati huo Mbunge wa Karatu, alisoma hadharani orodha ya watu aliowatuhumu kuhujumu mali ya umma. Wachambuzi wa siasa wamekwisha kuieleza siku hiyo kwa mapana. Kwa mwanaisimu lililo muhimu ni finyu zaidi: ni maneno gani yaliyobebeshwa kazi ya kuwataja wakubwa mbele ya umati wa watu wa kawaida?

Neno lililoshika ni fisadi. Asili yake ni Kiarabu, na kwa Watanzania wengi lilikuwa likimtaja mharibifu wa mambo, hasa mwasherati. Baada ya Mwembeyanga maana hiyo ilisukumwa pembeni, na fisadi akawa mla mali ya umma. Sambamba nalo lilivuma neno jingine, ambalo magazeti yalikuwa yamekwisha kulizoea: kigogo. Umbo la neno hili linashangaza. Gogo ni pande kubwa la mti uliokatwa. Kwa kanuni ya kawaida ya ngeli, kigogo ni gogo dogo. Imekuwaje basi mwenye cheo kikubwa akaitwa kwa umbo la udogo?

Wanasarufi waliuona mapema mfumo wa kukuza na kudunisha kwa njia ya ngeli. Edward Steere aliugusa katika kitabu chake cha mwaka 1870, na E. O. Ashton akaufafanua zaidi mwaka 1944. Mtu hukuzwa akawa jitu, nyumba ikawa jumba, nyoka akawa joka. Pengine hapaongezwi kitu, bali kiambishi huondolewa tu: kikapu huwa kapu, mguu huwa guu. Hata hivyo ji- yenyewe si alama ya ukubwa kila mahali. Imo katika jito, yaani mto mkubwa, na imo pia katika kijito. Wakazi wa Kijitonyama, Kinondoni, huitamka kila siku bila kufikiria ukubwa wowote.

Lililo zito ni kwamba ukuzaji huu nadra hukosa hukumu. Jitu si mtu mwenye kimo tu, bali ni mtu wa kutisha au asiye na utu. Anayesema "liguu lake" hakusudii kusifu. Kwa sababu hiyo, lugha ya heshima iliikwepa njia ya ngeli na kukimbilia kivumishi -kuu. Chuo kikubwa ni chenye majengo na watu wengi. Chuo Kikuu ni daraja. Chuo kilichofunguliwa mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria, kilikuwa kidogo mno, lakini hadhi yake ilikuwa ya ukuu tangu siku ya kwanza. Ndivyo ilivyo kwa Benki Kuu, Waziri Mkuu na barabara kuu. Ukubwa hupimwa kwa macho, ilhali ukuu hutolewa na watu.

Mtawala wa kikoloni alipoitwa Bwana Mkubwa, basi, huenda wasemaji walimpa kipimo bila kumpa daraja. Tafsiri hiyo haiwezi kuthibitishwa, na isichukuliwe kuwa zaidi ya dhana, lakini inapatana na yaliyofuata. Baada ya uhuru, Waafrika walioshika nafasi za Wazungu waliitwa naizesheni, na wenye magari ya kifahari wakaitwa Wabenzi, kana kwamba ni kabila. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilileta kupe na mirija, na "ndugu" ikawa anwani ya wote, mkubwa kwa mdogo. Sheria ya mwaka 1971, iliyotwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, hukumbukwa kama kutaifishwa kwa majumba. Kiambishi kimoja kilitosha kumweleza msikilizaji ni nyumba za akina nani.

Mageuzi makubwa zaidi yalizuka chini. Katika miaka ya shida iliyofuata vita vya Kagera vya 1978 na 1979, maisha ya Manzese, Tandika na Mbagala yalidai ujanja wa kila siku; na mwaka 1983 sheria iliyojulikana kama Nguvu Kazi iliwafanya wasio na ajira rasmi kuwa watu wa kukamatwa na kurudishwa vijijini. Jiji hilo lilipata jina la Bongo. Bongo ni ubongo uliovuliwa u- yake, yaani ubongo mkubwa. Hapa umbo lililozoea kukejeli liligeuzwa kuwa sifa, na waliojisifu kwalo ni wale wale waliohesabiwa kuwa mzigo wa jiji. Kejeli haikuondoka kabisa, kwani anayesema "hapa Bongo" mara nyingi analalamika na kujivuna kwa pumzi moja. Njia hiyo hiyo imetoa "bonge la sherehe" na "bonge la nyumba", ambapo bonge, lililokuwa donge, limekuwa chombo cha kukuzia nomino yoyote.

Kigogo amepita njia ya kinyume. Ki- si udogo pekee; kiboko na kifaru ni wanyama wakubwa mno, na kiongozi hapungui kwa ki- yake. Ila ki- ni ngeli ya vitu, na gogo ni kitu kizito kinachoziba njia mpaka wakusanyike watu wengi kukiondoa. Sarufi humrudishia utu wake kwa upatanisho: husemwa kigogo amekamatwa, si kimekamatwa. Umbo linamfanya kitu, kitenzi kinamfanya mtu. Wenye kata ya Kigogo, Kinondoni, kando ya bonde la Msimbazi, ambao mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaingilia majumbani, hawahusiki na maana hii hata kidogo.

Mwaka 2009 kipimo kilivuka nchi kavu. Mfanyabiashara mmoja aliwataja wenzake kuwa mafisadi papa. Mmoja wa waliotajwa akamjibu kwamba yeye ndiye fisadi nyangumi. Wakati huo huo Mheshimiwa, lililokuwa limepanuka tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992, lilikuwa limeshuka barabarani pamoja na mkuu na bosi. Katika daladala za Mbagala kondakta humwita hivyo abiria asiyemjua, hasa anapomdai nauli.