Maji ya Mzio

Kamati moja ya istilahi imetuletea "eneo la hifadhi ya viumbe wa maji baridi". Sentensi nzima hiyo, na mvuvi wa Ggaba anatarajiwa aitamke akiwa na kasia mkononi! Nilipopendekeza "maji ya mzio", nilijibiwa kwamba mzio ni neno la madaktari.

Madaktari wameliazima tu. Mzio ni kile ambacho ukoo au mganga amemkataza mtu asile. Hapa Kasubi Waganda huuita omuziro, na ni neno lilelile: sauti ya kale imedondoka katika Kiswahili, kama ilivyodondoka katika kuzaa, ambako Waganda husema okuzaala. Tendo hilohilo limo katika jina la nyumba kuu ya makaburi ya wafalme wa Buganda kilimani petu, Muzibu Azaala Mpanga. Ndani yake, nyuma ya pazia la nguo za magome, pana Kibira, msitu mtakatifu usioingiwa na kila mtu. Na kwa chakula, watu wa ukoo wa Mmamba hawali kamongo. Wa Nkejje hawali furu. Katazo la mlaji ndilo kinga ya samaki, na hilo "hifadhi" halilisemi. Hifadhi ni Kiarabu, ndugu wa hafidhi aliyeiweka Kurani moyoni: linasifu utunzaji, halitaji aliyekatazwa.

Tazama kisiwa cha Rubondo, Tanzania, hifadhi ya taifa tangu 1977. Maji yanayokizunguka kisiwa yamefungwa kwa wavuvi wa nyavu, lakini mgeni mwenye kibali huvua sangara kwa ndoano. "Hifadhi" inawachanganya wote wawili. "Mzio wa nyavu" unawatenganisha papo hapo, kwa kuwa mzio tangu asili ni wa fulani kwa kitu fulani. Wanaoshikilia neno "mwiko" badala ya mzio hawajalijibu hilo.

Faida ya mzio inajulikana: samaki wasioguswa hunenepa, jike kubwa hutaga mayai mengi zaidi, na wanaovuka mpaka humfikia mvuvi aliyetega nje. Kwa samaki wahamao, kipande kidogo cha maji hakitoshi. Katika Ziwa Nabugabo, sangara walipopandikizwa miaka ya 1960, furu waliosalia walijibanza kwenye majani ya kinamasi cha ukingoni, ambako oksijeni ni haba na sangara hastahimili. Anayechoma majani hayo anawatia furu mdomoni mwa sangara, kwa hiyo mzio uanzie hapo, kabla ya maji ya wazi.

Matumizi: ziwa limewekewa mzio, mzio wa nyavu, mzio wa msimu wa kutaga.