Mgawanyo wa Ufikishaji: Kikoa Kimoja, Seva Mbili

Chukua chuo kilichoanza na seva yake ya barua pepe, Zimbra au Postfix juu ya Linux, iliyowekwa kwenye chumba chenye kiyoyozi. Miaka inapita, wanafunzi wanazidi uwezo wa diski, uongozi unaamua wahamishiwe Google Workspace. Idara za fedha na utawala zinabaki palepale zilipo. Anwani za wote, wanafunzi na watumishi, zinaendelea kuishia kwa jina lilelile baada ya alama ya @. Mpangilio huu, ambamo kikoa kimoja kinahudumiwa na seva mbili na kila mtumiaji ana kasha lake la barua upande mmoja tu, Waingereza na Wamarekani wameupa jina la "split delivery". Ukilifasiri kwa haraka unapata mgawo wa barua, au barua zilizogawanywa, na majina yote mawili yanampotosha fundi.

Mgawo, kwa msikilizaji wa Dar es Salaam, ni mgawo wa umeme: leo mtaa huu, kesho ule. Fundi akilisikia neno hilo atadhani seva mbili zinapeana zamu. Huo ni utaratibu mwingine kabisa, wa kusawazisha mzigo, ambapo seva yoyote inaweza kumhudumia mtu yeyote. Barua zilizogawanywa nazo zinaufanya ujumbe uonekane umekatwa vipande. Ujumbe haukatwi. Kikoa nacho hakikatwi, kwani jina lililosajiliwa linabaki moja na mwenye nalo ni mmoja. Kinachogawanywa ni orodha ya watu: Rehema, mwanafunzi, yuko kule Google, Juma, mtumishi, yuko hapa chuoni, na hakuna aliye kotekote.

Napendekeza tuseme mgawanyo wa ufikishaji. Neno mgawanyo tumelizoea katika mgawanyo wa madaraka: Bunge, Serikali na Mahakama, kila mhimili na eneo lake chini ya katiba moja. Ama kufikisha, nimelichagua kwa sababu kuwasilisha kumeshabeba mada na bajeti, na kupeleka hakuna ahadi ya kufika. Tofauti hiyo ina uzito wa kiufundi. SMTP, itifaki ya barua pepe iliyoandikwa na Jon Postel mwaka 1982 katika waraka wa RFC 821, hutenganisha kazi mbili. Kuna seva inayoweka ujumbe ndani ya kasha la mwenyewe, na kuna seva inayoupokea ili iukabidhi kwa seva nyingine. Ya kwanza inafikisha. Kazi ya pili ningeiita upokezanaji, na jina hilo wanariadha wetu wanalo tayari katika mbio za kupokezana vijiti: anayekimbia wa kwanza hamalizi mbio, lakini kijiti kikiwa mkononi mwake dhamana ni yake mpaka mwenzake akishike. SMTP haiendi mbali na hapo. Seva ikishajibu 250, yaani nimeupokea, dhamana ya ujumbe ule imehamia kwake, na haina ruhusa ya kuupoteza kimyakimya.

Kosa kubwa la wanaoanza huzaliwa kwenye rekodi za MX. Rekodi hizi, zilizoelezwa mwaka 1986 katika RFC 974 ya Craig Partridge, hutangaza ni seva zipi zinapokea barua za kikoa fulani, kila moja na nambari yake ya kipaumbele. Nambari ndogo hujaribiwa kwanza. Mwenye seva mbili huona ni busara kuziandika zote, ya chuoni 10 na ya Google 20, akitumaini kwamba barua ya Rehema ikimkosa chuoni itakwenda kumtafuta Google. Haiendi. Seva ya kwanza ikijibu 550, hakuna mtu huyo hapa, upande wa mtumaji hulichukua jibu hilo kuwa la mwisho na barua inarudi. Nambari 20 hufikiriwa pale tu seva ya 10 isipopatikana au inapojibu kwamba imeshindwa kwa muda. Ukizipa zote nambari sawa, mambo yanaharibika zaidi, maana mtumaji huchagua mojawapo kwa bahati nasibu. Barua ya Rehema leo inafika, kesho inakataliwa, na fundi anahangaika na hitilafu inayojificha kila anapoijaribu. MX haijui watu, inajua kikoa tu. Kila seva iliyotajwa humo inaahidi kuwapokelea watu wote wa kikoa hicho.

Kwa hiyo mgawanyo haufanyiki kwenye DNS, ambako rekodi za MX hukaa. Unafanyika ndani ya seva moja iliyochaguliwa kusimama mlangoni, na MX huielekea hiyo. Ujumbe unapoingia, seva ya mlangoni hutazama orodha. Mwenye kasha hapa, anafikishiwa. Mwenye kasha upande wa pili, ujumbe wake unapokezwa huko. Asiye na kasha popote anakataliwa papo hapo, kabla ujumbe haujapokelewa. Katika Postfix orodha ya wale wa upande wa pili huandikwa kwenye transport_maps, mstari mmoja kwa kila anwani, pamoja na jina la seva inakokwenda. Jina hilo likifungwa kwa mabano ya mraba, Postfix huelekea moja kwa moja kwenye seva hiyo bila kuuliza MX. Katika Exchange, kikoa hutangazwa kuwa cha upokezanaji wa ndani badala ya kuwa cha mamlaka kamili, kisha huwekwa kiunganishi cha kutuma barua kwenda upande wa pili. Seva yenye mamlaka kamili hujiona ndiyo pekee inayowajua watu wa kikoa, hivyo humkataa kila asiyekuwamo kwenye daftari lake.

Upande wa pili nao unahitaji kufundishwa, na hapa ndipo wengi husahau. Rehema akimwandikia Juma, Google inaona anwani ya kikoa chake yenyewe, inamtafuta Juma ndani, haimwoni, inamrudishia Rehema barua. Lazima iambiwe kwamba wasiojulikana huko wapelekwe kwenye seva ya chuo. Lakini ikiwa chuo nacho kimeagizwa kuwapeleka wasiojulikana wote Google, umetengeneza kitanzi. Siku Juma atakapoacha kazi na kasha lake kufutwa, barua yake itazunguka kati ya seva mbili, kila moja ikiongeza mstari wake wa Received juu ya ujumbe. Postfix, isipobadilishwa, huukatiza mzunguko huo baada ya mistari 50. Tiba ni moja: upande mmoja tu ndio uruhusiwe kusema "simjui, mpeleke kwa mwenzangu". Upande mwingine uwe na orodha kamili ya watu wote, na orodha hiyo ipate mwangalizi anayelipwa kwa kazi hiyo, kwa sababu watu wanaajiriwa na kuondoka kila mwezi.

Upokezanaji una athari nyingine kwenye uaminifu wa barua. SPF, rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua za kikoa, humtambua mtumaji kwa anwani ya IP ya seva iliyoleta ujumbe. Barua iliyotoka benki, ikapitia seva ya mlangoni, ikafika seva ya pili, huonekana kama imetumwa na chuo kwa jina la benki, na huenda ikatupwa kwenye barua taka. Ndiyo maana seva ya pili hujulishwa kwamba ile ya kwanza ni lango linaloaminika, ili itazame nyuma yake. Saini ya DKIM, kwa upande wake, huvumilia safari ikiwa hakuna aliyegusa mwili wa ujumbe wala vichwa vilivyosainiwa. Kibandiko cha "ujumbe huu umetoka nje" kinachoongezwa njiani kinatosha kuivunja. Kwa barua zinazotoka, seva zote mbili ziandikwe kwenye rekodi moja ya SPF. Rekodi mbili za SPF kwenye kikoa kimoja ni kosa linaloibatilisha hukumu yote.

Tusichanganye mpangilio huu na ule ambapo kila ujumbe hufikishwa pande zote mbili, nakala hapa na nakala kule, kwa mfano wakati wa majaribio kabla ya kuhama. Huo uitwe ufikishaji maradufu.

Nani asimame mlangoni? Jibu langu ni wingu, yaani upande wa Google. Seva ya chuo ikiwa mlangoni na umeme ukakatika, hata wanafunzi walioko Google wanakosa barua za nje, ingawa makasha yao ni mazima. Watumaji wa nje hawakati tamaa mapema, kwa kawaida hujaribu kwa siku nne au tano, lakini mwombaji wa ufadhili hana siku tano. Faida ya kuwa na seva ya ndani haipotei kwa mpangilio huo. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini na intaneti ya Tanzania na majirani zake ikazorota, barua ya mhasibu kwenda kwa mkuu wake, ikiwa wote wako kwenye seva moja ndani ya jengo, haikuwa na haja ya kuvuka bahari.

Wewe unayeupanga mfumo huu, punguza TTL ya rekodi ya MX, yaani muda ambao seva nyingine huikumbuka, siku kadhaa kabla ya kuibadilisha, halafu jaribu anwani tatu kutoka nje ya kikoa: moja ya kila upande, na ya tatu isiyokuwepo popote. Hiyo ya tatu isipokataliwa mara moja kwa 550, usiwatangazie watu kwamba kazi imekwisha.