Judo

Judo ni sanaa ya mapigano ya Kijapani ambamo mchezaji humpiga mwenzake mweleka, humbana chini, humkaba au humkunja kiwiko mpaka asalimu amri. Iliasisiwa Tokyo mwaka 1882 na mwalimu Jigoro Kano (1860–1938), aliyechambua mbinu za jujutsu, akaziondoa za kujeruhi katika mazoezi huru, na zilizobaki akazifanya elimu ya mwili na tabia. Shule yake, Kodokan, ilianzia katika hekalu la Eishoji.

Kanuni

Ya kwanza ni seiryoku zen'yo: kutumia nguvu pale tu inapofaa. Anayesukumwa hashindani na msukumo. Hurudi nyuma huku akivuta, na aliyemzidi uzito huangushwa na uzito wake mwenyewe. Watu wa Katito, Kaunti ya Kisumu, wanao mfano jirani. Mtambo wa umeme wa Sondu-Miriu, uliojengwa kwa mkopo wa Japani, hautegemei bwawa kubwa: maji ya mto hupitishwa katika handaki la zaidi ya kilomita 6, kisha huporomoka na kuzalisha hadi megawati 60. Mwanajudo naye huielekeza nguvu ambayo tayari iko mwendoni.

Ya pili ni jita kyoei: kufaidika pamoja. Anayeangusha haachii mkono wa nguo ya mwenzake. Huuvuta juu ili mwenzake atue kwa ubavu, kichwa kisiguse chini. Bila uangalizi huo hakuna wa kufanya naye mazoezi kesho.

Mbinu

Somo la kwanza ni ukemi, namna ya kuanguka: kidevu hukazwa kifuani na mkono mzima hupiga mkeka mwili unapotua, kishindo kikatawanyika.

Mweleka una hatua tatu. Kuzushi ni kumyumbisha mpinzani, tsukuri ni kujiweka mahali pa kumwangushia, na kake ni kumwangusha. Asiyeyumbishwa haanguki, hata aliyemshika awe na misuli kiasi gani. Ipo mieleka ya mikono, ya nyonga, ya miguu, ukiwamo mtama, na ya kujitupa chini pamoja na mpinzani. Mkekani hufuata kubana, kabali na kukunja kiwiko. Aliyezidiwa hupiga mkeka au mwili wa mwenzake mara mbili, naye huachiwa papo hapo.

Mashindano

Judo iliingia Olimpiki mwaka 1964 jijini Tokyo. Wanawake walianza kushindania medali mwaka 1992. Pambano ni la dakika 4. Ippon hulimaliza: kumwangusha mpinzani chali kwa nguvu na kasi, kumbana sekunde 20, au kumfanya asalimu amri.

Afrika Mashariki

Zanzibar imefundishwa judo na Mjapani Tsuyoshi Shimaoka tangu miaka ya 1990. Katika Olimpiki ya Paris 2024, Andrew Thomas Mlugu aliiwakilisha Tanzania katika uzani wa kilo 73. Kijana anayetaka kuanza amtafute mwalimu anayetanguliza ukemi. Kabali na kukunja kiwiko visijaribiwe kamwe bila msimamizi.